Wasifu wa kazini kwenye Android: swichi inayofunga kazi bila kufunga simu

Wengi wenye kazi nzito hujaribu kuitenga na nyumbani kwa kunyamazisha. Wanazima sauti ya kundi la ofisi, wanageuza simu kifudifudi mezani, wanajiapia kutogusa barua pepe hadi asubuhi. Haidumu hata wiki. Arifa iliyonyamazishwa bado ipo pale pale, idadi ya ujumbe ambao haujasomwa inapanda, na anayefungua simu kutazama picha ya mtoto iliyotumwa na bibi yake hukutana kwanza na jina la bosi. Sauti haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba kazi na familia zinaingilia mlango mmoja, kwa namba moja, ndani ya programu moja.

Wasifu wa kazini, chombo ninachokipima hapa, unaukata mlango huo mara mbili. Umo ndani ya Android yenyewe tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, na hauna malipo. Unatenga eneo la pili kwenye simu ile ile, lenye programu zake, akaunti zake, orodha yake ya majina na mafaili yake. Programu za eneo hilo zina alama ndogo ya mkoba na hukaa kwenye ukurasa wao ukifungua orodha ya programu. Chini ya ukurasa huo kuna kitufe cha kuzisimamisha. Ukikibonyeza, programu za kazini zinalala kabisa: hazipokei kitu, hazisawazishi, hazili data kimyakimya, hazionyeshi idadi ya ujumbe. Aikoni zake hugeuka kijivu mpaka utakapoziwasha mwenyewe.

Uwezo huo wa kuzima ulikuja na Android 7.0 mwaka 2016. Wasifu wenyewe ulibuniwa kwanza kwa ajili ya mwajiri, ili data ya kampuni isichanganyike na mambo ya mtu binafsi. Kitufe ndicho kilichoufanya uwe na faida kwa mfanyakazi pia, na kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa ya kuuchagua mbele ya njia nyingine zote za bure. Ila unafunga kilichomo ndani yake tu. Wanaokatishwa tamaa nao ni wale waliouwasha bila kupanga kwanza namba na akaunti zao, kwa hiyo huko ndiko nitakokaa zaidi.

Wa mwajiri na wa kwako

Wasifu hupatikana kwa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Njia ya kwanza ni mwajiri kuuleta. Kampuni inakutumia msimbo wa QR au inakuelekeza upakue programu ya usimamizi, kwa mfano Company Portal ya Microsoft Intune. Ukifuata hatua, eneo la kazi linajengwa na programu za kampuni zinaanza kushuka zenyewe. Swali ambalo kila mtu huuliza hapo ni kama wataona picha zake. Kwenye simu uliyoinunua mwenyewe, hawataziona. Mwajiri anaona na kutawala vilivyomo ndani ya wasifu peke yake. Orodha ya programu zako, meseji zako, picha zako na kurasa ulizotembelea upande wako havimfikii. Aina ya simu na toleo la Android anavijua, lakini tangu Android 12 hata IMEI, namba inayoitambulisha simu yako, hawezi kuisoma kwenye simu ya namna hii. Anachoweza ni kudai simu iwe na nenosiri imara, kuzuia maandishi yasinakiliwe kutoka programu ya kazini kwenda ya binafsi, kuzuia picha za skrini ndani ya wasifu, na kuufuta wasifu akiwa mbali. Akiufuta, vya kwako vinabaki salama.

Simu ikiwa ni mali ya kampuni, hesabu inabadilika. Mwajiri anaweza kuifuta yote, na picha za familia zikaondoka pamoja na mafaili ya ofisi. Tangu Android 11 ya mwaka 2020 anaweza pia kuweka kikomo cha muda ambao wasifu utakaa umezimwa. Kikomo hicho hakiwezi kuwa chini ya saa 72, lakini kikipita, programu zako binafsi ndizo zinazofungwa mpaka uiwashe kazi. Anayekwenda likizo ya wiki mbili na simu ya kampuni aulize habari hii kabla ya kuondoka. Ushauri wangu kwa simu ya kampuni ni mfupi: usiweke humo kitu ambacho ungelia ukikipoteza.

Kuna mtego mwingine unaokuja kwa sura ya urahisi. Baadhi ya ofisi hukuambia uongeze tu barua pepe ya kazini kwenye programu ya barua ya kawaida. Ukifanya hivyo, simu inaweza kukuonyesha ukurasa unaoomba haki za msimamizi wa kifaa. Usome mstari kwa mstari. Kama kuna kipengele cha kufuta data yote, maana yake unampa mtu wa TEHAMA uwezo wa kuifuta simu yako nzima kwa sababu ya akaunti moja ya barua. Kataa, kisha uombe wasifu wa kazini. Ni ombi la kawaida kabisa, na mtu wa TEHAMA anayeijua kazi yake atalielewa mara moja.

Njia ya pili ni kujijengea mwenyewe, na inawafaa waliojiajiri, madaktari, mawakili, walimu, mafundi, madalali, na yeyote ambaye wateja wake humpata kwenye simu yake binafsi. Programu mbili zinazofahamika kwa hili ni Shelter, ambayo ni ya chanzo huria na hupatikana F-Droid, duka la programu za namna hiyo, na Island. Zote zinatumia uwezo ule ule wa Android, ila msimamizi wa wasifu unakuwa wewe. Zingatia kwamba simu huchukua wasifu mmoja tu wa aina hii. Kama mwajiri ameshaweka wake, Shelter haitakubali kujenga wa pili.

Kabla ya kugusa mipangilio

Anza na namba. Wasifu hauna laini yake. Namba ikiwa moja kwa kila kitu, programu ya WhatsApp utakayoweka upande wa kazi haitakuwa na namba ya kusajilia, na hapo hujatenganisha chochote. Tafuta laini ya pili, ya kadi au ya eSIM, yaani laini isiyo na kadi, kama simu yako inaikubali.

Wengi hukosea katika kuamua namba ipi iende wapi. Namba ya zamani, ambayo kila mtu anayo, mara nyingi ndiyo iliyounganishwa na benki, shule ya watoto, hospitali na urejeshaji wa akaunti zako. Hiyo ibaki ya nyumbani. Namba mpya iwe ya kazi, hata kama itakubidi kuwatangazia wateja na kuvumilia miezi michache ya watu kuendelea kupiga ile ya zamani. Kufanya kinyume chake huonekana rahisi, kwa kuwa ndugu ni wachache kuliko wateja, lakini siku utakapozima laini ya kazi ujumbe wa benki wenye namba ya uthibitisho hautaingia, na mwalimu atakayepiga kukuambia mtoto ana homa hatakupata.

Akaunti zifuate mpango huo huo. Pitia kila huduma binafsi uliyojisajili kwa barua pepe ya kazini: hifadhi ya picha, bima, mitandao ya kijamii, huduma za kodi, tiketi. Badilisha anwani, na ubadilishe pia anwani ya urejeshaji, ambayo watu huisahau. Ajira inapokoma, barua pepe ya kampuni inaweza kufungwa siku hiyo hiyo, na kila akaunti iliyoegemea anwani hiyo inakuwa ngumu kuirudisha. Kwangu hili ni zito kuliko utulivu wa jioni. Mtu anaweza kupoteza picha za miaka mingi za watoto wake kwa sababu tu alijisajili akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisi.

Mwisho angalia simu yenyewe. Upande wa kazi una akaunti yake ya Google na huduma zake zinazoendeshwa kando, kwa hiyo kumbukumbu ya simu huliwa mara mbili. Simu yenye RAM ya GB 3 au pungufu itakuwa nzito pande zote zikiwa wazi. Kuanzia GB 4 inavumilika, na GB 6 hutaona tofauti. Nafasi ya kuhifadhi pia ipungue kichwani mwako mapema: data ya kila programu inawekwa upya upande wa pili, na WhatsApp ya kazini yenye makundi mengi inaweza kujaza gigabaiti kadhaa.

Kuujenga

Kwa Shelter, isakinishe, ifungue, ufuate maelekezo. Katikati ya safari simu itaweza kukuonyesha arifa ya kukamilisha usanidi. Ukiipuuza kazi inaishia njiani, na ni moja ya sababu za watu kudhani programu ni mbovu. Ukishamaliza, fungua ukurasa wa Shelter unaoonyesha upande wa kazi, hakikisha Play Store ipo huko, kisha ingia kwa akaunti ya Google ya kazi. Usitumie akaunti yako ya nyumbani hapo. Ukiitumia, majina na kalenda vitasawazishwa pande zote na ukuta uliojenga utakuwa na tundu tangu siku ya kwanza.

Sakinisha programu za kazi kupitia Play Store ya upande huo: WhatsApp au WhatsApp Business kwa namba mpya, barua pepe, kalenda, mafaili, programu ya mikutano. Kisha nenda upande wa nyumbani ukafute kila ulichohamisha. Hatua hii ndiyo inayoahirishwa, na kundi la ofisi likibaki pande zote mbili hujapata kitu. Ondoka kwenye makundi ya kazi kwa namba ya zamani, na umwombe msimamizi wa kundi aiongeze mpya.

Simu za baadhi ya watengenezaji, hasa zile zilizobadilishwa sana kutoka Android ya asili, huisumbua Shelter au kuiua ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri na uiondolee vizuizi. Ikiendelea kusumbua usipigane nayo, kwa sababu wasifu unaoyumba ni hatari kwa data yako ya kazi. Kwenye Samsung tumia Secure Folder, ambayo hufanya kazi inayokaribiana na hii, ingawa imejengwa zaidi kwa ajili ya kuficha kuliko kuzima.

Weka pia nenosiri tofauti la upande wa kazi kama kuna watoto wanaoshika simu. Android inaruhusu kufuli mbili tofauti kuanzia toleo la 7.0. Mtoto akifungua simu kutazama katuni hawezi kumtumia mteja ujumbe wa sauti na vibonzo vyake.

Kinachotokea ukiuzima

Kitufe unaweza kukiweka pia kwenye vigae vya haraka, vile vinavyoshuka ukivuta skrini kutoka juu. Kwenye baadhi ya simu, Nidhamu Dijitali (Digital Wellbeing) ya Google ina sehemu ya kuweka ratiba ili wasifu ujizime na kujiwasha kwa saa ulizochagua. Kama ipo, itumie. Uamuzi wa kila jioni huchosha, na siku ya uchovu mkubwa ndiyo siku ambayo mkono hausogei kwenye kitufe.

Wasifu ukiwa umezimwa, aliyekuandikia WhatsApp ya kazini anaona tiki moja. Ujumbe unabaki kwenye seva za WhatsApp hadi siku 30 ukisubiri, kwa hiyo mapumziko ya kawaida hayapotezi kitu. Tiki moja ina heshima yake. Inamwambia mwenzako kwamba hujauona ujumbe, na haimwachi akidhani umemsoma na kumpuuza. Mivutano mingi ya kazini huanzia kwenye tiki mbili za buluu za saa tatu usiku.

Sasa mitego, kwa kuwa ndipo watu wengi huamua kwamba chombo hiki hakifanyi kazi.

Laini iko nje ya wasifu. Ukizima wasifu, simu za kawaida na SMS za namba ya kazi zinaendelea kuingia kama kawaida. Kuzinyamazisha lazima uzime laini yenyewe kwenye mipangilio ya SIM, au uitumie kwa makusudi kama nitakavyoeleza chini.

Kompyuta nayo haijui kwamba umefunga. WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta inaendelea kupokea hata simu ikiwa imezimwa, hadi siku 14 bila simu kuonekana mtandaoni. Mwenye kompyuta ya kazi sebuleni, ikiwa wazi na WhatsApp imeunganishwa, amefunga dirisha na kuacha mlango. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe usivyovihitaji.

Majibu ya kiotomatiki ya WhatsApp Business yanagongana na kitufe hiki. Ujumbe wa kutokuwepo, ule unaoweza kuupanga utoke nje ya saa za kazi, hutumwa na programu iliyo kwenye simu yako, na simu lazima iwe na intaneti. Ukisimamisha wasifu programu inalala, na mteja hapati jibu. Chagua kimoja. Anayetegemea ujumbe huo sana aache wasifu ukiwaka hadi saa fulani ya usiku na arifa za programu hiyo zikiwa zimezuiwa, kisha auzime anapolala. Anayetaka kufunga mapema aandike saa zake za kazi wazi kwenye maelezo ya biashara ndani ya WhatsApp, ambayo mteja huyaona hata ukiwa umezima. Barua pepe haina taabu hii, kwa sababu jibu la kutokuwepo hutumwa na seva.

Kengele ya asubuhi uliyoiweka kwenye saa ya upande wa kazi haitalia. Programu ya kuzalisha namba za uthibitisho ikiwa upande wa kazi, nayo inalala. Kama umeweka humo akaunti zako binafsi, utajikuta umefungiwa nje ya benki yako usiku. Kengele na uthibitisho wa mambo binafsi vikae nyumbani.

Mlango mmoja wa dharura

Kazi nyingi nzito haziruhusu kutoweka kabisa. Daktari wa zamu, mhandisi wa mitambo, mhariri, mwenye kampuni ndogo: wote wana saa ambazo lazima wapatikane. Hapa ile kasoro ya laini kuwa nje ya wasifu inageuka kuwa faida bora kuliko zote.

Zima wasifu, acha laini ya kazi ikiwaka. Ujumbe, barua pepe na makundi vinasimama. Kinachobaki ni mtu kupiga simu. Watangazie wenzako utaratibu huu kwa sentensi moja isiyo na maelezo mengi: baada ya saa fulani sisomi ujumbe, kukiwa na dharura nipigie. Watu hufikiri mara mbili kabla ya kupiga kuliko kabla ya kuandika, na mengi yaliyokuwa yakiitwa ya haraka husubiri asubuhi bila madhara.

Kama hata simu za sauti ni nyingi, ongeza hali ya Usinisumbue juu yake. Kwenye Android weka nyota majina ya watu wa nyumbani na wale wawili au watatu wa kazini wenye haki ya kukuamsha, kisha uruhusu wenye nyota tu. Washa pia ruhusa ya wanaorudia kupiga: mtu yule yule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia hata kama hana nyota. Hiyo humsaidia jirani au mwalimu anayepiga kwa namba usiyoihifadhi.

Kosa moja lisifanyike hapa. Usiweke nyota kwa msimamizi kwa sababu tu ni msimamizi. Orodha hiyo ni ya wanaoweza kuwa na jambo la usiku, na cheo hakimfanyi mtu awe nalo.

Uso wako wa nyumbani

Saa za kazi ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni wewe unayeonekana na nani: mwanakwaya, mama wa watatu, shabiki wa timu fulani, mtu mwenye msimamo wa dini au siasa ambao mteja hana sababu ya kuujua. Wasifu wa kazini unasaidia hapa kwa njia ambayo wachache wanaitambua, nayo ni orodha ya majina.

Mitandao ya kijamii huomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu, kisha huyatumia kupendekeza watu kwa watu. Ndivyo mgonjwa anavyoletewa akaunti ya daktari wake, na mwanafunzi akaunti ya mwalimu. Majina ya kazi yakihamia kwenye wasifu, programu za kijamii zilizo upande wa nyumbani haziyapakii tena. Lakini hilo ni upande mmoja tu wa kamba, kwa maana wateja wako nao wanapakia namba yako kutoka kwenye simu zao. Kwa hiyo ingia kwenye kila mtandao, ondoa namba ya kazi kama ipo, na uzime mipangilio inayoruhusu wengine kukupata au kupendekezewa akaunti yako kwa namba ya simu. Futa pia majina yaliyokwisha kupakiwa zamani. Mitandao mikubwa ina ukurasa wa kufanya hivyo, ingawa imeuficha ndani.

Kwenye WhatsApp ya kazi weka picha rasmi au nembo, bila watoto. Kwenye ya nyumbani, weka picha ya wasifu ionekane na watu uliowahifadhi pekee, na uchague nani anaweza kukuongeza kwenye makundi. Status huonekana na mtu tu kama mmehifadhiana namba, kwa hiyo ukifuta namba za wateja upande wa nyumbani, harusi ya dada yako haitazamwi tena na chumba kizima cha mikutano. Hii ndiyo faida inayopatikana siku ile ile.

Kalenda inahitaji uangalifu kidogo. Tangu Android 10, programu ya kalenda ya nyumbani inaweza kuruhusiwa kuonyesha miadi ya kazini, na ni ruhusa nzuri: unaona kikao cha wazazi kimegongana na mkutano bila kuhama upande. Kinyume chake usikifanye. Muda wa familia uuandike kwenye kalenda ya kazi kama shughuli tu, uufanye wa faragha, bila jina la mtoto wala la kliniki.

Mbadala wake

Simu ya pili inatenganisha kila kitu, laini pamoja. Ndiyo chaguo langu kwa wanaobeba siri za watu wengine, kama mawakili, wanahabari wenye vyanzo, na wauguzi wanaopigiwa na wagonjwa. Kasoro yake ni ya kila siku: chaja mbili, mfuko mzito, na ile tabia ya kuelekeza simu za kazi ziingie kwenye ya nyumbani ili kubeba moja. Siku utakapofanya hivyo, ya pili imekuwa mzigo tu.

iPhone haina kitu kinacholingana na kitufe hiki. Focus, iliyokuja na iOS 15 mwaka 2021, inachuja arifa kwa saa, mahali au programu, inaficha kurasa za skrini, na tangu iOS 16 inaweza kuficha akaunti za barua na kalenda za kazi. Imetengenezwa kwa ustadi, na huenda sawasawa kwenye saa na kompyuta za Apple. Hata hivyo ni kunyamazisha na kuficha. Programu zinaendelea kupokea, na ukizifungua kazi yote iko hapo. Mwenye iPhone atumie laini mbili, WhatsApp kwa nyumbani na WhatsApp Business kwa kazi, kisha aiache Focus ifiche ya pili jioni. Anayepiga mara ya pili ndani ya dakika tatu anaweza kuruhusiwa kupita.

WhatsApp yenye akaunti mbili ndani ya programu moja ilifika Android mwishoni mwa 2023. Kwa lengo hili siipendekezi. Unahama kati ya kazi na nyumbani kwa mguso mmoja, na mguso mmoja ni mfupi mno kwa ukuta. Ujumbe wa mapenzi uliotumwa kwa mteja huanzia hapo.

Sehemu ya Faragha ya Android 15 watu huichanganya na wasifu huu. Ni nzuri kwa kuweka mambo binafsi yasionekane na anayeshika simu yako ofisini: picha fulani, benki, programu ya afya. Ikifungwa, programu zake husimama. Kwa kazi haifai, maana inabidi uifungue kwa kufuli kila unapotaka ujumbe uingie.

Ukiondoka kazini

Wasifu wa mwajiri ukifutwa, kila kilichomo kinaondoka papo hapo bila kukuuliza, pamoja na majina uliyoyahifadhi humo na picha zilizopigwa kwa kamera ya upande huo. Kwa hiyo kamera ya nyumbani ndiyo ipige kila kitu cha nyumbani, hata kama uko katikati ya kazi na programu ya kazini ndiyo iliyo wazi. Kwa wasifu uliojijengea, anza kwa kuhifadhi nakala ya mazungumzo ya WhatsApp ya kazi kwenye akaunti ya Google ya kazi na kuhamisha mafaili kwa kutumia kitufe cha kushiriki, ambacho huonyesha pande zote mbili. Kisha nenda Mipangilio, Akaunti, ukurasa wa kazini, uondoe wasifu. Shelter iondolewe baada ya hapo, si kabla: wewe ndiye msimamizi kupitia programu hiyo.